Upanga na Sauti: Historia ya Mhusika Mulan katika Wimbo wa Kichina, Fasihi ya Wachina wa Marekani na Filamu za Vibonzo

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi imekuwa desturi kuwagawa wahusika wa kike katika mafungu mawili: wanyonge na mashujaa. Mnyonge ni yule anayesubiri kuokolewa, kuolewa au kuonewa huruma. Shujaa ni yule anayeshika silaha, akaondoka nyumbani, akatenda yale ambayo jamii imezoea kuyaona yakitendwa na wanaume. Mgawanyo huu una manufaa yake, kwani umewasaidia wahakiki kufichua dharau nyingi zilizokuwa zimejificha katika ngano, riwaya na tamthilia. Hata hivyo una kasoro moja kubwa. Unampima mwanamke kwa kipimo cha silaha, na kumfanya mhakiki aamini kwamba kazi imekwisha pindi mhusika wa kike anapokabidhiwa upanga.

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza kasoro hiyo kwa kufuata historia ya mhusika mmoja, Mulan, binti wa Kichina aliyejifanya mwanamume ili aende vitani badala ya baba yake. Mhusika huyu anafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Kwanza, kisa chake kimesimuliwa kwa muda wa miaka ipatayo elfu moja na mia tano, katika tanzu mbalimbali: wimbo, tamthilia, riwaya, tawasifu na filamu. Pili, katika karne ya 20 kisa hicho kilivuka bahari, kikawa nguzo ya kitabu mashuhuri cha fasihi ya Wachina wa Marekani, na baadaye kikawa filamu ya vibonzo iliyotazamwa na watoto wa mabara yote.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba takriban kila zama zilizomsimulia Mulan upya zilimwekea vikwazo ambavyo wimbo wa awali haukuwa navyo, kisha zikamsifu au kumwadhibu kwa kuviruka. Kwa hiyo nguvu ya mhusika wa kike haiwezi kupimwa kwa upanga peke yake. Budi ipimwe pia kwa sauti: nani anasema katika kisa, anasema kiasi gani, na wanawake wengine wanaomzunguka shujaa wameachwa katika hali gani.

2. Wimbo wa awali

Wimbo wa Mulan hauna mtunzi anayejulikana. Wataalamu wengi wanauhusisha na upande wa kaskazini wa Uchina katika zama za ufalme wa Wei ya Kaskazini, uliodumu kuanzia mwaka 386 hadi 534. Watawala wa ufalme huo walikuwa wa ukoo wa Tuoba wa kabila la Xianbei, watu wenye asili ya wafugaji wa nyikani. Athari za asili hiyo zimebaki katika wimbo, kwani mtawala anaitwa Khan mahali pamoja na Mwana wa Mbingu mahali pengine. Mkusanyo wa karne ya 6 unaotajwa kuwa wa kwanza kuuandika wimbo huu ulipotea. Wimbo uliosalia ni ule uliohifadhiwa katika diwani kubwa ya nyimbo iliyokusanywa na Guo Maoqian katika zama za wafalme wa Song.

Wimbo wenyewe ni mfupi. Alama zake za maandishi ni zaidi kidogo ya 300. Unaanza kwa msichana aliyeketi kwenye kitanda cha mfumi, lakini kinachosikika si mlio wa kufuma bali ni pumzi zake nzito. Amri ya kukusanya askari imetolewa, na jina la baba yake limo katika kila orodha. Baba hana mtoto wa kiume aliye mtu mzima. Binti anakata shauri, anazunguka masoko ya pande nne kununua farasi na vifaa vyake, kisha anaondoka. Njiani, kandoni mwa Mto wa Manjano, sauti za wazazi wakimwita hazimfikii tena. Kinachomfikia ni ngurumo ya maji.

Msomaji aliyeizoea filamu atashangazwa na mambo manne yanayohusu wimbo huu. La kwanza ni kwamba hamna mtu yeyote anayemkataza Mulan. Hapana mzee anayesema kuwa mwanamke hawezi, wala mshenga anayemkemea, wala sheria inayosomwa mbele yake. Hapana shaka katazo lipo, kwani kama lisingekuwapo asingekuwa na haja ya kujificha. Lakini mtunzi hakuliona kuwa kiini cha kisa chake. Kiini ni wajibu wa mtoto kwa mzazi, pamoja na gharama ya wajibu huo.

La pili ni kwamba vita vyenyewe vinapita upesi. Safari ndefu, baridi ya kaskazini, mapambano na vifo vya makamanda vimebanwa katika mistari sita hivi. Kurudi nyumbani ndiko kumepewa nafasi pana: wazazi wanatoka nje ya mji kumlaki, dada mkubwa anajipamba, mdogo wa kiume ananoa kisu ili achinje nguruwe na kondoo. Khan alikuwa amemwahidi cheo kikubwa, naye amekikataa. Alichoomba ni mnyama mwenye mbio wa kumrudisha kwao.

La tatu linahusu namna siri inavyofichuka. Mulan hafumaniwi. Anaingia chumbani mwake, anavua vazi la vita, anavaa nguo zake za zamani, anatengeneza nywele na kujipaka poda, kisha yeye mwenyewe anatoka kuwakabili wenzake waliopigana pamoja naye miaka kumi na miwili bila kujua. Katika sehemu hii mtunzi anairudia nafsi ya kwanza mara nne mfululizo. Mlango, kitanda, vazi la vita na nguo za zamani, kila kimoja kinatajwa kwa neno la umilikaji. Hapo ndipo mhusika huyu anapojisemea kwa uwazi kuliko mahali pengine popote katika wimbo, na anayoyataja kuwa yake ni mambo ya pande zote mbili za maisha yake.

La nne ni la kiisimu, na linawahusu hasa wasomaji wa Kiswahili. Kitenzi cha Kichina hakina alama ya jinsia, na katika ushairi wa kale kiima mara nyingi huachwa bila kutajwa. Hata katika Kichina cha leo, neno la nafsi ya tatu linatamkwa namna moja kwa mwanamume na mwanamke. Tofauti iliyopo ni ya maandishi tu, nayo ilienea katika karne ya 20. Kiswahili kina tabia hiyo hiyo. Kiambishi a- katika alipanda, alipigana na alirudi hakimwambii msikilizaji kama mtendaji ni wa kiume au wa kike. Kiingereza, kinyume chake, kinamlazimisha mfasiri achague kila mara anapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Kwa hiyo ule ufichaji ambao katika Kichina unafanywa na lugha yenyewe, na ambao ungeweza kufanywa vilevile na Kiswahili, katika Kiingereza hupotea, na kila sentensi humkumbusha msomaji kwamba huyu ni mwanamke. Mfano wa sungura unaofunga wimbo unakwenda sambamba na jambo hili. Sungura dume na jike wana dalili zao wakiwa wametulia, lakini wakikimbia pamoja hakuna awezaye kuwatofautisha.

Si busara, hata hivyo, kuugeuza wimbo huu kuwa tangazo la ukombozi wa wanawake. Mulan anatumwa na utiifu kwa baba, na anarudi nyumbani. Lakini inafaa izingatiwe kwamba wimbo hausemi kuwa aliolewa, wala hausemi kuwa alirudi kwenye kitanda cha mfumi. Mtunzi anamwacha wazi.

3. Vikwazo vya waandishi wa Kichina

Waandishi wa zama zilizofuata hawakuridhika kumwacha wazi. Xu Wei, aliyeishi kuanzia mwaka 1521 hadi 1593, alimtungia Mulan tamthilia ya sehemu mbili. Yeye ndiye aliyempa jina la ukoo la Hua, lenye maana ya ua, na kwa jina hilo anajulikana mpaka leo. Katika zama za Xu Wei desturi ya kufunga miguu ya wasichana ili isikue ilikuwa imeenea miongoni mwa familia zenye hadhi. Katika zama za Wei ya Kaskazini desturi hiyo haikuwako. Kwa hiyo Mulan wa tamthilia hana budi kufungua vitambaa vya miguu kabla ya kuvaa viatu vya askari, na anaingiwa na wasiwasi: akirudi na miguu mikubwa, nani atamwoa? Mwandishi analitatua jambo hilo kwa dawa ya siri ya ukoo yenye uwezo wa kuirudisha miguu katika udogo wake. Mama naye ana wasiwasi wake, ambao ni ubikira wa binti yake miongoni mwa wanaume. Mulan anamhakikishia mama kwamba atarudi kama alivyoondoka, na mwisho wa mchezo anaozwa.

Mtu anayependa kumwita Mulan wa Xu Wei shujaa hatakosea. Mhusika huyu anapigana na kushinda. Lakini miguu, ubikira na ndoa ni mitihani mitatu ambayo mtunzi wa wimbo hakuitaja hata kidogo. Ni mitihani ya karne ya 16, na Mulan amepelekwa kuifanya.

Mwishoni mwa karne ya 17, Chu Renhuo alimwingiza Mulan katika riwaya yake ndefu kuhusu zama za Sui na Tang. Huyu ni Mulan mwenye mama Mchina na baba wa kabila la Waturuki. Anatekwa vitani na binti wa mfalme, Dou Xianniang, naye pia mpiganaji, na wanawake hao wawili wanafunga undugu wa kiapo. Hapa kuna jambo jipya lenye thamani: shujaa wa kike amepata mwanamke mwenziwe wa kuzungumza naye. Lakini anaporudi nyumbani anakuta baba amekufa na mama ameolewa kwingine; kisha Khan anamtaka awe suria wake. Mulan anajiua kwenye kaburi la baba yake. Cheo ambacho katika wimbo alikikataa kwa maneno machache, bila madhara, kimegeuzwa kuwa usuria ambao hauwezi kukataliwa ila kwa kifo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kisa kilichukuliwa na wazalendo. Qiu Jin, mshairi na mwanamapinduzi aliyezaliwa mwaka 1875, aliifungua miguu yake, akavaa mavazi ya kiume, akaenda kusoma Japani mwaka 1904. Aliuawa na serikali ya Qing mwaka 1907. Katika maandishi yake Mulan ni mmoja wa wanawake wa kale waliotajwa kuwa mfano wa kuigwa. Mwaka 1939, majeshi ya Japani yakiwa yameizingira mitaa ya kigeni ya mji wa Shanghai, ilitengenezwa humo filamu ya Mulan iliyoongozwa na Bu Wancang kwa mswada wa Ouyang Yuqian. Watazamaji walielewa vizuri adui aliyekusudiwa ni nani. Katika matumizi haya Mulan alipewa taifa la kulitetea mahali pa baba, na swali la hali ya wanawake likawa nyuma ya swali la nchi.

4. Kisa chavuka bahari

Wahamiaji wengi wa Kichina waliokwenda Marekani katika karne ya 19 walitoka mkoa wa Guangdong, na walikuwa wasemaji wa Kikantoni. Ndiyo maana katika fasihi yao shujaa huyu anaitwa Fa Mu Lan wala si Hua Mulan. Maisha yao yalitawaliwa na sheria mbili. Sheria ya Page ya mwaka 1875 ilitumiwa kuwazuia wanawake wa Kichina wasiingie nchini, kwa kisingizio kwamba walikuja kufanya umalaya. Sheria ya mwaka 1882 iliwakataza vibarua wa Kichina kwa jumla, na haikufutwa mpaka mwaka 1943. Matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu jumuiya hizo zilijaa wanaume wasio na wake karibu nao, waliopata riziki kwa kazi za udobi na upishi.

Mambo haya yana uhusiano wa moja kwa moja na taswira zilizoganda za kijinsia. Jamii ya Wazungu iliwanyima wanaume hawa familia, ikawaachia kazi ilizoziita za kike, kisha ikawacheka kwa kutokuwa wanaume kamili. Katika riwaya na sinema za Marekani mwanamume wa Kichina alikuwa ama mwovu mjanja wa aina ya Fu Manchu, ama mpole mwenye adabu nyingi wa aina ya Charlie Chan. Mwanamke naye alikuwa ama ua linalonyauka kwa utiifu, ama jike katili lenye hila. Mwandishi yeyote aliyetaka kumsimulia Mulan katika mazingira hayo alikuwa anaingia katika ugomvi ulioanza kabla hajazaliwa.

Maxine Hong Kingston alizaliwa mwaka 1940 huko Stockton, California, katika familia iliyoendesha duka la dobi. Kitabu chake, The Woman Warrior, yaani mwanamke mpiganaji, kilitolewa mwaka 1976, na kikapata tuzo ya wahakiki wa vitabu wa Marekani katika fungu la maandishi yasiyo ya kubuni. Kina sehemu tano, na ni muhimu kuzingatia mpangilio wake. Sehemu ya kwanza haimhusu mpiganaji. Inamhusu shangazi aliyepata mimba nje ya ndoa, akavamiwa na wanakijiji, akajitosa kisimani pamoja na mtoto wake mchanga. Ukoo umemwadhibu kwa kumfutia jina, na msimulizi anaonywa na mama yake asimtaje kamwe. Kitabu kizima kinaanza, basi, kwa kuvunja amri ya kunyamaza.

Mulan anakuja katika sehemu ya pili. Msimulizi, aliyefundishwa wimbo huo na mama yake, anajiwazia kuwa yeye ndiye Fa Mu Lan. Anafunzwa mlimani na wazee wawili kwa miaka kumi na mitano. Kabla hajaenda vitani, wazazi wanamchora mgongoni kwa kisu malalamiko ya kijiji. Jambo hilo halimo katika wimbo. Limetoka katika kisa cha jemadari Yue Fei, aliyeishi kuanzia mwaka 1103 hadi 1142, ambaye inasimuliwa kwamba mama yake alimchanja mgongoni maneno ya uaminifu kwa nchi. Fa Mu Lan huyu anaolewa, anajifungua akiwa vitani, anamkata kichwa kabaila mnyonyaji, kisha anarudi kuwa mkaza mwana mtiifu.

Lakini ndoto hiyo inapokwisha, msomaji anarudishwa Marekani, na hapa ndipo kitabu kinapozipita tungo nyingi za kishujaa. Msimulizi amekulia katika jumuiya inayozoea kusema kwamba mtoto wa kike ni hasara. Kazini, mwajiri wake anapotamka neno la kuwadharau watu weusi, anajaribu kumpinga, lakini sauti inamtoka nyembamba na dhaifu. Upanga wa ndotoni haumsaidii chochote. Silaha aliyonayo ni maneno, na maneno hayo hayamtoki kwa urahisi.

Suala la lugha linaenea kitabu chote. Msimulizi anadai kwamba mama yake alimkata ukano wa chini ya ulimi alipokuwa mchanga, ili ulimi usifungwe katika lugha yoyote. Hata hivyo anapoanza shule anakuwa bubu kwa miaka kadhaa. Anataja pia kwamba Kichina kina neno la nafsi ya kwanza la kutumiwa na mwanamke ambalo maana yake ni mtumwa. Dai hili linataka ufafanuzi. Katika adabu za kale za Kichina wanawake walikuwa na maneno ya kujidunisha ya namna hiyo, lakini wanaume nao walikuwa na yao, mojawapo likiwa na maana ya mtumishi. Tena, kama ilivyokwisha kuonyeshwa, Mulan wa wimbo anajitaja kwa jina lake au kwa neno la kawaida la nafsi ya kwanza. Msimulizi wa Kingston hakuandika sarufi. Alieleza jinsi lugha ya nyumbani ilivyosikika masikioni mwa msichana aliyeambiwa kila siku kuwa hana thamani.

Kitabu kinafungwa kwa mwanamke mwingine, naye si mpiganaji. Huyu ni Cai Yan, mshairi aliyezaliwa mnamo mwaka 177, akatekwa na Waxiongnu na kukaa kwao miaka kumi na miwili, muda ule ule ambao Mulan alikaa vitani. Katika usimulizi wa Kingston, Cai Yan anausikia muziki wa filimbi za watekaji wake, naye anaimba kwa lugha yake mpaka wao wanaielewa huzuni iliyomo. Kitabu kilichoanza kwa mwanamke aliyefutiwa jina kinaishia kwa mwanamke anayesikika. Upanga uko katikati tu, kama daraja.

5. Mgogoro wa ukweli na ubandia

Kitabu cha Kingston kilizua mgogoro mkali. Frank Chin, mwandishi wa tamthilia na mmoja wa wahariri wanne wa diwani ya Aiiieeeee! ya mwaka 1974, alimshutumu kwa kughushi jadi. Katika diwani ya pili ya mwaka 1991, Chin na wenzake walichapisha wimbo wa Mulan pamoja na tafsiri yake ili kuonyesha kwamba hamna kuchanjwa mgongoni wala chuki dhidi ya wanawake ndani yake. Kwa maoni yake, waandishi kama Kingston na Amy Tan waliwauzia Wazungu taswira walizozipenda: Uchina katili kwa wanawake, na wanaume wa Kichina wasiofaa kitu.

Shutuma hii haiwezi kutupwa kando. Ni kweli kwamba wimbo hauna chuki hiyo, na ni kweli kwamba wasomaji wengi wa Marekani walikisoma kitabu cha Kingston kama maelezo ya mila za Wachina wote. Kingston mwenyewe alilalamika kuhusu usomaji huo mwaka 1982. Lakini hoja ya Chin ina udhaifu katika msingi wake. Inachukulia kwamba kuna Mulan mmoja wa kweli, ilhali Wachina wenyewe walikuwa wamemgeuza mara nyingi kabla ya Kingston kuzaliwa. Xu Wei aliongeza jina, miguu na mume. Chu Renhuo akaongeza kifo. Kumzuia mwanamke wa karne ya 20 asifanye walichofanya wanaume wa karne ya 16 na ya 17 ni kumnyima haki ya fanani. Kingston alieleza kwamba alimpa Fa Mu Lan maneno ya mgongoni kwa makusudi, ili nguvu iliyokuwa ya mwanamume iwe ya mwanamke.

Mhakiki King-Kok Cheung, katika makala yake ya mwaka 1990, aliuweka mgogoro huu mahali pake alipouliza kama mhakiki Mchina wa Marekani analazimika kuchagua kati ya kutetea wanawake na kutetea ushujaa. Kwa kuwa ubaguzi uliwapokonya wanaume wa Kichina heshima yao ya kiume, baadhi yao walitaka kuirudisha kwa kumtukuza mpiganaji. Hatari iliyopo ni kwamba kipimo cha upanga kinabaki vilevile, na anayeshindwa kukifikia, awe mwanamume au mwanamke, anabaki katika dharau.

6. Mulan wa vibonzo

Kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu yake ya Mulan mwaka 1998, chini ya uongozaji wa Tony Bancroft na Barry Cook. Kabla yake kampuni hiyo ilikuwa imejenga jadi yake ya mabinti wa kifalme tangu Snow White ya mwaka 1937, akifuatwa na Cinderella mwaka 1950. Wahakiki waliwaona mabinti hao kuwa wanyonge wanaosubiri kuokolewa. Mulan, anayeokoa jeshi, Mfalme na nchi, alipokewa kama mwisho wa unyonge huo. Inafaa kutambua pia kwamba filamu inamwita Fa Mulan, kwa matamshi ya Kikantoni yaliyozoewa na Wachina wa Marekani.

Sifa hizo zina haki yake. Vita vinashindwa kwa akili ya msichana, anayetumia poromoko la theluji pale nguvu za wanaume zinapokwama. Karibu na mwisho askari wa kiume wanavaa kama masuria ili waingie ikulu, na ule ubadilishaji wa mavazi uliokuwa mzigo wa Mulan peke yake unawaangukia wao. Pamoja na hayo, filamu ikilinganishwa na wimbo inaonyesha kwa uwazi utaratibu uliokwisha kuelezwa. Kisa kinaanzia kwa mshenga, ambaye ni mwanamke mkali na wa kuchekesha, naye anampima msichana na kumtangaza kuwa hafai kuolewa. Katazo la wanawake kwenda vitani limefanywa sheria yenye adhabu ya kifo. Siri haifichuliwi na Mulan mwenyewe bali na jeraha, mbele ya tabibu na kamanda, na maisha yake yanakuwa mikononi mwa kamanda huyo. Filamu imejenga Uchina iliyo ngumu kwa wanawake kuliko ile ya wimbo, ili mtazamaji apate raha ya kuona ukuta ukivunjwa. Kamanda naye, asiyekuwamo katika wimbo, anamfuata nyumbani mwishoni, na ndoa inaanza kunusiwa.

Linalobaki ni suala la sauti, na hapa wanaisimu wametoa ushahidi. Carmen Fought na Karen Eisenhauer walihesabu mazungumzo katika filamu za mabinti wa kifalme za kampuni hiyo, na matokeo yao yalijulikana mwaka 2016. Katika Snow White mazungumzo yamegawanyika karibu sawasawa kati ya wahusika wa kike na wa kiume. Katika Cinderella wanawake wana asilimia 60. Katika Mulan wanaume wana asilimia 77. Uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo ulionyesha kwamba joka dogo Mushu, mhusika wa kiume aliyebuniwa kwa ajili ya kuchekesha, ana maneno takriban mara moja na nusu ya yale ya Mulan mwenyewe.

Takwimu hizi zinaupindua mgawanyo wa wanyonge na mashujaa. Mabinti waliohesabiwa kuwa wanyonge walizungukwa na wanawake wanaozungumza; shujaa mwenye upanga amezungukwa na wanaume. Huenda ikasemwa kwamba jeshi ni mahali pa wanaume, na kwa hiyo hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini joka si askari, na hapakuwa na sababu ya kihistoria ya kulifanya la kiume. Wahusika wadogo wa pembeni, wa kutoa ushauri au kufanya mzaha, walifanywa wa kiume kwa mazoea, na mazoea hayo ndiyo taswira iliyoganda kwa maana yake halisi: jambo linalotendwa bila mtu kukusudia. Mama na bibi wa Mulan wanaachwa nyumbani tangu mwanzo, na baada ya ushindi mshenga hasikiki tena. Msichana mmoja amepita, na mlango umefungwa nyuma yake.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa haionyeshi mwendo wa moja kwa moja kutoka unyonge hadi nguvu. Mulan wa wimbo, katika karne za mwanzo kabisa, anakata shauri bila kukatazwa, anakikataa cheo bila kuadhibiwa, na anajifichua kwa hiari yake. Mulan wa Xu Wei anapigana lakini ana deni la miguu na ubikira. Mulan wa Chu Renhuo anapata dada wa kiapo, kisha anakufa. Mulan wa filamu anainamiwa na Mfalme, lakini anasema kidogo kuliko joka lake. Ni kwa Kingston tu ambapo upanga umewekwa kati ya mwanamke aliyenyamazishwa na mwanamke anayeimba, ili msomaji aone kwamba ushindi wa mmoja haujawa na maana mpaka yule wa kwanza apate kutajwa.

Kwa hiyo mhakiki anayeletewa mhusika wa kike mwenye nguvu hana budi kuuliza maswali matatu. Vikwazo anavyoviruka vimetoka katika jadi, au vimewekwa na msimulizi mwenyewe? Nani anazungumza katika kisa, na kwa kiasi gani? Na shujaa anapopita, wanawake wengine wamebaki wapi?

Maswali haya hayahusu Uchina na Marekani peke yake. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 umesomwa mara nyingi kama mafunzo ya utiifu kwa mume, na kwa kipimo cha upanga hauna shujaa ndani yake. Lakini anayenena katika utendi huo, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ni mwanamke, na anayenenewa ni binti yake. Kipimo kisichoweza kuiona nguvu ya namna hiyo kinahitaji kurekebishwa kabla hakijatumiwa kuwapima mashujaa wengine.